Usimpelekee Mwenzio Hasira za Bosi!

Umewahi kumjibu mpenzi wako kwa mkato, kumbe aliyekuudhi ni bosi? Hauko peke yako. Ripoti imerudishwa mara tatu, mteja kakufokea kwenye simu, foleni ya Mbagala haisogei. Unafika nyumbani, mwenzio anauliza tu, "Umeshindaje?" Basi, balaa linaanzia hapo.

Mpenzi msomaji, kabla hamjanuniana tena, kumbuka kuna dawa tayari kwenye simu yako: ule wimbo unaoupenda.

Kwa nini uwe wa kwako?

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichunguza ubongo wa watu wakisikiliza muziki waliouchagua wenyewe, ule unaowasisimua mwili. Waligundua kuwa ubongo hutoa dopamini, kemikali ya raha, hata kabla kile kipande kitamu hakijafika. Kwa hiyo usiazime ladha ya rafiki. Kama wewe ni wa taarab, jipe taarab. Kama ni Bongo Fleva, twende kazi.

Anza pale ulipo

Umevurugwa, unaweka singeli ya kasi ili uchangamke, mara unazidi kukereka. Inatokea. Mwaka 1948, Ira Altshuler, daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani, alieleza njia nyingine: anza na muziki unaofanana na hali yako, kisha badilisha taratibu.

Muziki wetu wa dansi unakupa safari hiyo ndani ya wimbo mmoja. Chukua nyimbo nyingi za Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Mwanzoni mwimbaji anatoa ya moyoni polepole, magitaa yanambembeleza. Baadaye linaingia sebene, na mguu unaanza kucheza wenyewe.

Ukiwa ofisini

Kama unaandika barua au kusoma mkataba, chagua muziki wa ala tupu, maana maneno ya wimbo yatagombana na ya kazi. Ukiwa unapanga mafaili, imba tu, ila kimoyomoyo! Na sauti ya hedifoni usiipandishe hovyo: Shirika la Afya Duniani linashauri usizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Mkifika nyumbani

Wekeni makubaliano. Anayerudi kachoka apewe dakika kumi na muziki wake, bila maswali. Mwenzake asione kanuniwa. Anajua ni muda wa kushusha mzigo. Zikiisha, hedifoni pembeni, mzungumze. Anayejifungia na muziki hadi saa nne usiku hajapumzika, anakimbia.

Pia tusidanganyane. Wimbo hauleti mshahara uliochelewa, wala haumfundishi adabu bosi anayekudhalilisha. Mambo hayo yanataka hatua: kuongea naye, kupeleka malalamiko, au kutafuta kazi nyingine. Muziki unakusaidia uyapange kichwa kikiwa kimetulia, ukiwa na mwenzio upande wako.

Leo jioni hebu jaribuni. Wewe chagua wimbo wa kwanza, wa pili mwachie yeye. Hata kama ni ule usioupenda, vumilia. Naye ana bosi wake.