TURBO NINUNUE LINI? Mpangilio wa kukusanya spea za injini ya farasi 500

Leo naomba tuongee jambo ambalo linawaumiza vijana wengi kimya kimya: kukusanya spea za kuongezea gari nguvu.

Mchezo wenyewe wengi mnaujua. Unakuwa na gari la kawaida, unaota kuligeuza kuwa mnyama. Mkwanja wa mara moja huna, kwa hiyo unanunua kimoja kimoja. Mwezi huu geji, mwaka kesho manifoldi, ukipata dili pistoni. Tangu ile Supra ya rangi ya chungwa ionekane kwenye The Fast and the Furious mwaka 2001, ugonjwa huu haujapona, na mimi mwenyewe ninao.

Kuna mshkaji wa mtaani kwetu alikusanya kwa miaka mitatu. Alianza na turbo kubwa, akaifunga kwenye khanga akaiweka uvunguni. Halafu akanunua ile valvu inayopiga chafya ukiachia mafuta, ekzosi nene na geji tatu za kung'aa. Siku ya kufunga mtaa mzima tulikuwepo. Gari lilitembea jioni moja tu! Walipofungua injini, pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka pembeni kama mshumaa. Miaka mitatu ya kujinyima ikaishia kwenye beseni la mafuta machafu.

Wengi walisema fundi mbovu. Mimi nasema hapana, kosa lilianza siku ya kwanza ya kununua. Spea za kuilinda injini zinatangulia, spea za kuipa nguvu zinafuata, na turbo kubwa inakuja karibu na mwisho kabisa. Ngoja nieleze kwa nini.

TUCHUKUE MFANO MMOJA

Mfano wetu uwe Toyota 1JZ-GTE. Bongo tumejaaliwa Mark II na Chaser za GX100, zile zenye injini ya 1G-FE ya lita 2 na farasi 140 mpaka 160 hivi. Ndugu yake wa Japani, JZX100 Tourer V, body ni ile ile ila ndani kuna 1JZ-GTE: lita 2.5, silinda 6 mstari mmoja, bloku ya chuma cha kusubu, turbo moja, farasi 280. Ndiyo maana kila mwenye GX100 anaiota.

Ile 280 ina historia yake. Kuanzia mwaka 1989 mpaka 2004 kampuni za magari za Japani zilikubaliana kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280 kwa soko la kwao. Kwa hiyo kiwanda kilitengeneza injini ngumu kuliko namba iliyoandikwa. Hapo ndipo stori za vijiweni zinapoanzia, eti "1JZ unaipa turbo kubwa tu, inabeba". Inabeba, lakini kwa masharti.

FARASI WANATOKA WAPI?

Turbo haitengenezi nguvu. Nguvu inatoka kwenye petroli, na petroli haiungui bila hewa. Turbo kazi yake ni kushindilia hewa nyingi ndani ya silinda ili uweze kuunguza petroli nyingi zaidi.

Sasa tupige hesabu, na kikokotoo cha simu kinatosha. Kila farasi 100 wanahitaji takriban kilo 4.5 za hewa kwa dakika. Farasi 500 ni karibu kilo 23. Kwa hewa ya joto la kwetu hizo ni kama lita 20,000, yaani ndoo kubwa za lita 20 elfu moja kila dakika! Piga picha hiyo kwanza.

Injini ya turbo ikikanyagwa mpaka mwisho inataka kama kilo 11.5 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kwa hiyo kilo 23 za hewa zinataka kilo 2 za petroli, karibu lita 2.7 kwa dakika. Gawa kwa nozeli 6, kila moja imwage sisi 450. Lakini nozeli haitakiwi kubaki wazi muda wote, ikizidi asilimia 80 unaitafutia balaa. Kwa hiyo unahitaji nozeli ya sisi 560, na ukiweka akiba nunua ya 650. Nozeli za kiwandani za 1JZ ni za sisi 380 hivi. Umeona tatizo? Ukiweka turbo ya farasi 500 kwenye nozeli hizo, hewa inaingia ya kutosha lakini petroli haifiki. Mchanganyiko unakuwa mkavu, moto unazidi, pistoni inayeyuka. Mshkaji wangu alikufa hapo hapo.

Pampu nayo hivyo hivyo. Lita 2.7 kwa dakika ni lita 162 kwa saa. Pampu maarufu ya Walbro ya lita 255 kwa saa inaonekana inatosha na chenji inabaki, lakini kumbuka shinikizo la turbo linavyopanda, shinikizo la mafuta nalo linapandishwa, na pampu yoyote ikisukuma kwenye shinikizo kubwa inatoa kidogo. Akiba ipo, siyo ya kuchezea.

KUNOKI NI NINI HASA?

Kwetu ukisikia "injini imenoki" ujue ishakufa. Neno lenyewe linatokana na Kiingereza "knock", yaani mgongo, ile ngo-ngo-ngo. Na kuna mgongo unaotangulia kifo.

Kikawaida plagi inawasha mchanganyiko na moto unasambaa taratibu kutoka hapo. Lakini silinda ikiwa na joto na shinikizo kupita kiasi, mchanganyiko ambao moto haujaufikia unalipuka wenyewe. Pistoni inapigwa kama nyundo. Ikitokea mara moja moja injini inavumilia, ikijirudia kwenye mwendo mkubwa ringi zinakatika, pistoni inapasuka, gasketi ya hedi inatoboka.

Turbo inaongeza joto kuliko unavyodhani. Hewa ya Dar ya nyuzi 30, ukiibana kwa shinikizo la ba moja kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka na nyuzi karibu 125. Maji yamechemka na kupitiliza! Ndiyo maana intakula, ile rejeta ya hewa pale mbele, siyo pambo. Inunue kabla ya turbo.

Halafu petroli. Gari la turbo la Japani lilipangiliwa kwa petroli ya daraja la juu ya kwao, ambayo kawaida huuzwa ikiwa na oktani 100. Ukileta kontroli boksi iliyotyuniwa kule na kuichomeka huku bila kuigusa, injini inadhani bado inakunywa maziwa ya kwao, kumbe unainywesha chai ya rangi. Na ole wako ukutane na petroli iliyochakachuliwa.

MPANGILIO NINAOPENDEKEZA

1. Namba. Kabla ya kutoa hata shilingi, andika kwenye daftari: nataka farasi wangapi? 350? 500? Spea zote zinafuata namba hiyo. Asiye na namba ananunua kila dili, na mwisho ana spea za magari matatu tofauti.

2. Afya ya injini. 1JZ-GTE iliacha kutengenezwa mwaka 2007, kwa hiyo hata ile changa kabisa ina umri mkubwa. Pima mgandamizo wa kila silinda, zilingane. Badilisha sili, beringi, mkanda wa taiming, pampu ya maji, rejeta. Hizi hazipigiwi picha lakini ndizo zinazookoa.

3. Macho. Geji ya uwiano wa hewa na mafuta, geji ya shinikizo la oili, ya joto la maji na ya shinikizo la turbo. Bila geji ya uwiano unaendesha umefumba macho.

4. Mafuta na ubongo. Nozeli, pampu, na kontroli boksi inayoweza kupangwa upya, mfano Link au Haltech. Nozeli zina ukinzani mkubwa au mdogo. Ukifunga za ukinzani mdogo kwenye boksi ya ukinzani mkubwa bila kuweka vizuizi vyake, unaunguza boksi. Uliza kabla ya kulipa.

5. Hedi na chini. Stadi imara za hedi na gasketi ya matabaka ya chuma. Pistoni na konrodi za kufua ni kama namba yako inazihitaji. Na hapa nisikilizeni vizuri: USINUNUE PISTONI KABLA BLOKU HAIJAPIMWA. Silinda ya 1JZ ni milimita 86. Umepata dili la pistoni za 86.5 ukafurahi, halafu mkereza anapima anasema mikwaruzo imezama, lazima ichongwe mpaka 87. Dili lako limegeuka kisahani cha majivu. Na mianya ya ringi kwenye injini ya turbo iwe mikubwa kidogo kuliko ya kawaida, maana zikipata moto zinatanuka, ncha zikigusana zinavunja pistoni.

6. Intakula, manifoldi, halafu turbo. Sasa ndiyo zamu yake.

KUSOMA JINA LA TURBO

Turbo za Garrett zina majina yanayosomeka. GT3076R: 30 ni ukubwa wa familia, 76 ni kipenyo cha gurudumu la kusukumia hewa kwa milimita, R ni beringi za gololi. GT3582R ni kubwa zaidi, gurudumu la milimita 82. Kubwa inatoa farasi wengi juu, lakini inachelewa kuamka. Kwa foleni za Bongo utakuwa umefika Ubungo bado haijaamka.

Ukinunua iliyotumika, shika shafti. Ikicheza kidogo pembeni inaweza kuwa kawaida kwa beringi za shaba, maana oili ndiyo inaishika. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mabawa yameshagusa ukuta, achana nayo. Na feki zipo kibao. Mpya kabisa, bei ya kutupwa, maandishi yamekaa upande upande... utaingizwa mjini mchana kweupe.

Kumbuka pia vitu havikai kwa kuwa tu vinafanana. Manifoldi ya 2JZ haifungi tu kwenye 1JZ. 1JZ ya kabla ya mwaka 1996 yenye turbo mbili na ile ya VVT-i iliyofuata zinatofautiana vitu kibao. Flenji ya turbo inaweza kuwa T3 au T4. Ukienda Gerezani au Ilala chukua vipimo na picha, siyo kumwambia muuzaji "nipe ya JZ".

GARI LENYEWE JE?

Hapa ndipo hela inapogeuka roho. Breki za GX100 zilipangwa kwa farasi 140 mpaka 160. Ukiweka 500 gari litakwenda, swali ni litasimama wapi, na mbele ya nani. Gia boksi, klachi, difu, matairi na breki viingie kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Gia boksi ya manyuo ya Tourer V ni R154, ya GX100 usiitegemee. Na mbio zina sehemu zake. Barabara ya mtaani kuna watoto wanavuka.

KWA UFUPI

Najua kukusanya polepole ndiyo njia ya mtu asiye na hela ya mkupuo, wala siyo aibu. Uzuri wa kukusanya polepole ni kwamba una muda wa kupima, kuuliza na kukataa. Anayenunua vyote siku moja hana nafasi hiyo. Kwa hiyo turbo ikikuita dukani, toa daftari uangalie namba yako na kilichobaki juu yake. Kama nozeli bado, pampu bado, geji bado, iache pale pale. Turbo zipo nyingi, injini yako ni moja.

Yule mshkaji ameanza upya. Safari hii uvunguni kuna nozeli sita, stadi za hedi na geji ya uwiano. Turbo hana, na analala vizuri.

Mdau uliyewahi kufunga 1JZ, tupe uzoefu wako hapo chini. Na kama nimekosea hesabu nirekebishe kwa hoja, matusi hapana.

Naomba kuwasilisha.