Themostati ya Motokaa: Isitupwe, Ibadilishwe

Mara nyingi tumesikia mtu akijisifu ya kuwa fundi ameitoa themostati katika injini ya motokaa yake, akimwambia kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi, na huku kwetu kwenye jua kali hakina kazi. Maneno hayo si kweli, na kwa kuwa huwapoteza watu mali yao, twaona yafaa tueleze jambo hili.

Themostati ni mlango mdogo katika njia ya maji yanayopoza injini. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi nta huwa ngumu na mlango hufungwa. Maji huzunguka ndani ya injini tu, yakapata moto upesi. Joto lifikapo kama digrii 82 mpaka 90, nta huyeyuka na kutanuka, ikausukuma mlango, na maji huenda katika rejeta kupozwa.

Injini isiyo na themostati hukawia kupata joto lake. Basi hula petroli nyingi, na vyuma vyake husagika upesi. Tena katika injini nyingine mlango huo ufungukapo huziba njia ya mkato. Ukiondolewa, maji mengine hupita njia hiyo bila kufika katika rejeta, na injini huchemka zaidi.

Mtu mwenye spana na subira aweza kuibadilisha nyumbani. Kwanza, injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, maana maji huruka kwa nguvu na kuunguza uso. Pili, maji yapunguzwe kwa kuyakinga katika beseni. Yakiwa yametiwa dawa ya rejeta ni sumu yenye ladha tamu. Yawekwe mbali na watoto na wanyama. Tatu, zifunguliwe bolti za kifuniko cha themostati, na itazamwe vema jinsi ya zamani ilivyokaa. Kwa kawaida upande wa springi huelekea injini.

Kabla ya kufunga mpya, ijaribiwe. Itundikwe kwa uzi katika sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Maji yakikaribia kuchemka mlango ufunguke, yakipoa ujifunge. Hata Nairobi, ambako maji huchemka kwa kama digrii 94, yafaa ifunguke. Ya zamani nayo ijaribiwe vivyo hivyo: ikifunguka sawasawa, huenda kosa liko kwingine, kama vile rejeta iliyoziba, pampu mbovu au maji yanayovuja.

Kisha mahali pake pasafishwe, gasketi mpya itiwe, na bolti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, bila kuzidisha nguvu. Maji yajazwe, injini iwashwe kifuniko cha rejeta kikiwa wazi tangu ilipokuwa baridi, mpaka hewa imetoka na mpira wa juu umepata moto. Mwisho itazamwe kama pana mvujo.

Katika motokaa nyingine za siku hizi themostati imeunganishwa na kifuniko chake, au huendeshwa kwa umeme. Hizo ni afadhali zipelekwe kwa fundi. Lakini mwenye motokaa na amwambie fundi wazi kwamba ataka nyingine itiwe, si njia kuachwa tupu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na bei ya themostati ni ndogo sana kuliko bei ya injini.