Benki na Fundi Seremala

Watu wengi hudhani kwamba fedha zilizomo katika benki ni mali ya benki yenyewe. Sivyo. Nyingi ni amana za watu: mkulima ameweka bei ya kahawa yake, mwalimu mshahara wake, mjane akiba yake ya kidogo kidogo. Benki hubakiza sehemu kwa ajili ya watakaokuja kutoa, na nyingine huwakopesha wenye kazi.

Mathalani, tuseme yuko seremala mjini Nakuru, katika nchi ya Kenya. Apasua mbao kwa msumeno wa mkono, na kwa mwezi mmoja atengeneza vitanda vinne tu. Akikopa akanunua msumeno wa umeme, atatengeneza kumi, ataajiri vijana wawili, na muuza mbao naye atapata. Deni atalilipa katika faida yake.

Lakini benki yaogopa, maana seremala hana hati ya shamba ya kuweka rehani, wala daftari ya hesabu zake. Haya, chukueni kalamu. Benki imewakopesha maseremala 10, kila mmoja shilingi 100,000 kwa mwaka, kwa riba ya 14 kwa mia. Mmoja akishindwa kulipa kabisa, wale tisa wataleta riba ya shilingi 126,000, lakini 100,000 zimepotea. Zasalia 26,000 za kuwalipa makarani na wenye amana. Wakishindwa wawili, ni hasara tupu.

Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kuwahurumia wakopaji: riba ya mkopo isizidi kiwango cha Benki Kuu na 4 kwa mia juu yake. Watu walifurahi, nami siwalaumu, kwani riba ilikuwa mzigo mzito. Benki nazo zilipiga hesabu kama hii yetu. Zikapenda zaidi kuikopesha Serikali, mdeni wa kutumainiwa, na wafanya biashara wadogo wengi wakarudi mikono mitupu. Wengine walikwenda kwa wakopeshaji wasio benki, wenye riba kali zaidi. Hata mwezi wa Novemba 2019 kikomo hicho kikaondolewa.

Dawa nyingine ilitafutwa katika ile rehani. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu mtu kuweka rehani mali inayohamishika, kama mashine, mifugo na mazao, nayo huandikwa katika daftari ya Serikali ili isiwekwe mara mbili kwa siri. Basi hata ule msumeno wa umeme waweza kuwa rehani ya mkopo ulioununua.