Je, Wajua? Barafu Hukamua Tope

Tope la majitaka likiganda kisha likayeyuka, halirudi kuwa uji. Hugeuka punjepunje, mfano wa masalio ya kahawa kikombeni, na maji yake huchujika upesi.

Fuwele ya barafu ni chaguzi mno: hupokea maji, uchafu ikausukuma kando. Chembe za uchafu hubanwa, zikashikana, zikaachia hata maji yaliyonaswa katikati yake. Barafu ikishayeyuka, haziachani tena. Sharti tope ligande taratibu. Likigandishwa ghafla, uchafu hunaswa ndani kabla ya kusukumwa.

Bahari ya ncha za dunia nayo ikiganda, kwenye nyuzi -1.8 za Selsiasi hivi, chumvi nyingi hubaki nje ya barafu.

Katika nchi za baridi, tope humwagwa nje tabaka baada ya tabaka, kipupwe kikafanya kazi bila malipo. Lakini Mtangawanda, penye gati la kisiwa cha Pate, iko karibu nyuzi 2 tu za latitudo kusini mwa ikweta. Kipupwe cha aina hiyo hakifiki. Huku fuwele za barafu ni habari ya samaki wa kugandishwa. Akigandishwa polepole, fuwele kubwa hupasua seli zake. Akiyeyuka, huchuruzika maji na mnofu hulegea. Kinyume na tope, yeye hutaka baridi kali ya haraka.