Binti wa Katwe kwenye Meza ya Sataranji

Ndugu wafanyakazi, sisi wa Kigali ubao tunaujua. Zamu ikiisha, igisoro huwekwa: mashimo 32, kete 64. Sataranji nayo ina vyumba 64, lakini wengi wetu tuliuhesabu kuwa mchezo wa mabwana. Habari za jirani yetu wa Kampala zimetufanya tuutazame upya.

Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa mabanda, akitembeza mahindi ili nyumbani wapate kula. Kwa mwalimu Robert Katende alifuata uji kwanza. Sataranji ilikuja baadaye. (Nani kati yetu anafikiri vizuri tumbo likiwa tupu, awe kiwandani au kwenye chai?)

Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Siberia. Pale saa iko mezani, kila mmoja na dakika zake. Kete ukiigusa, lazima uicheze. Hakuna wa kumnong'oneza. Alikutana na Dina Kagramanov, bingwa wa Kanada, akashindwa. Alilia, lakini alirudi mezani, akamshinda mchezaji wa Ethiopia.

Mwaka 2012 huko Istanbul, yeye na Ivy Amoko walikuwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha shirikisho la dunia.

Sasa tunauliza: watoto wangapi wa kambi zetu za chai wana mwalimu na kikombe cha uji? Kamati za matawi zilete jibu kwenye mkutano ujao.