Shahamu na Mchochota Mwilini

Kwa muda mrefu wataalamu wa elimu ya viumbe waliihesabu shahamu, yaani tishu ya mafuta iliyomo mwilini, kuwa ghala tu: mtu akila kupita mahitaji yake, ziada huwekwa humo, akipatwa na njaa, akiba hiyo huteketezwa. Maelezo hayo si ya uongo, ila yamepungukiwa. Shahamu hutoa homoni, na baadhi ya homoni hizo huchochea au hutuliza kinga ya mwili.

Mchochota ni ile hali impatayo mtu aliyechomwa na mwiba: mahali pale huvimba, huwa pekundu, hupata joto na kuuma, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zimefika kupambana na vijidudu. Kazi ikiisha, hali hiyo hutulia. Mchochota uletwao na unene ni wa namna nyingine. Hauumi wala hauonekani, nao waweza kuendelea kwa miaka mingi.

Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil, Bruce Spiegelman na mwenzao, mjini Boston, Marekani, walionyesha kwamba shahamu ya panya wanene hutoa kwa wingi protini iitwayo TNF-alfa, iliyokuwa ikijulikana zaidi kama silaha ya chembe za kinga. Walipoizuia protini hiyo, insulini ilifanya kazi vizuri zaidi. Miaka kumi baadaye ilidhihirika kuwa shahamu ya wanene imejaa makrofaji, yaani chembe nyeupe ambazo kazi yao ni kumeza vijidudu na mabaki. Seli ya shahamu iliyojazwa kupita kiasi hutanuka na kuelemewa, na nyingine hufa. Makrofaji huizunguka maiti hiyo kama shanga shingoni, huku zikimwaga kemikali za mchochota ambazo husambazwa na damu. Wakati huohuo adiponektini, homoni ya shahamu inayotuliza mchochota, hupungua. Ni ajabu kwamba ghala likizidi kujaa ndipo homoni hiyo inapoadimika.

Mahali pa shahamu pana uzito wake. Ile ya chini ya ngozi, mapajani na matakoni, haina madhara makubwa kama ile inayozunguka matumbo, ambayo damu yake huelekea moja kwa moja kwenye ini. Kwa hiyo kitambi, ambacho bado wako wanaokihesabu kuwa dalili ya neema, huandamana na kisukari na maradhi ya moyo. Uzito ukipunguzwa, mchochota nao hupungua.

Hata hivyo, kukosa shahamu si salama. Leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, hutolewa na shahamu kwa kadiri ya wingi wake. Hupunguza hamu ya kula, na pia huzipa nguvu chembe za kinga. Mwaka 1998 watafiti wa London waliona kuwa kinga ya panya walionyimwa chakula ilidhoofika, na walipodungwa leptini ikarejea.

Kwa watoto, jambo hili ni la kufa na kupona. Katika uchunguzi wa watoto wenye utapiamlo mkali waliolazwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2014, upungufu wa leptini wakati wa kulazwa ulikuwa miongoni mwa dalili kuu zilizowatofautisha waliofariki na walionusurika. Kwa walionusurika, leptini ilipanda kadiri walivyolishwa.