Madoa mekundu bila kuumia: habari ya wengu

Wazazi, mtoto anaweza kuamka na vidoa vyekundu miguuni, au damu ya pua isiyokoma. Mmoja atasema kapigwa, mwingine karogwa. Tusiharakishe kulaumu.

Damu ina chembe ndogo za kuziba jeraha: 150,000 hadi 450,000 katika milimita moja ya ujazo. Pengine, hasa baada ya mafua au surua, kinga ya mwili inakosea na kuzipaka chembe hizo alama ya adui. Zikipita kwenye wengu (wengine tunaita bandama), chini ya mbavu za kushoto, seli walinzi huona alama na kuzimeza. Seli nyingine humo humo hutengeneza alama zaidi. Chembe ya kuishi siku 7 hadi 10 hufa mapema sana.

Watoto wengi hupona ndani ya miezi 6. Ila msiwape aspirini wala ibuprofeni, wala msiwachanje chale. Wapelekeni kliniki wapimwe damu, maana malaria pia hupunguza chembe hizo. Mtoto akiumwa kichwa sana, akitapika au kulegea, msingoje asubuhi.